Zamu ya Jioni Handakini

Nilikuwepo. Asikudanganye mtu. Wapo watakaokusimulia kisa cha handaki la stesheni yetu, na siku ile walikuwa kwao wanakoroma. Mimi nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu haya mawili, tena enzi hizo yalikuwa hayajaanza kuomba miwani. Kibanda changu cha kushona viatu kilikuwa chini ya ngazi za daraja la juu, na geti la handaki liko pale pale mkononi. Hakuna mguu uliopita nisiujue. Wenzangu wanatambua watu kwa sura. Mimi nawatambua kwa visigino. Basi tulia nikupe, na usinikatize.

Mwenye kisa ni Mama Funguo.

Hakuwa na mtoto anayeitwa Funguo, wala hakuwa na mtoto. Aliitwa hivyo kwa ule mzigo wa funguo uliokuwa ukilia kiunoni mwake, unamsikia kabla hujamwona, kama mbuzi mwenye kengele. Funguo hizo alizirithi kwa baba yake, aliyekuwa mfunga milango wa stesheni mpaka alipofumba macho. Mama yake alitangulia mapema, akaacha kichanga cha kike. Kichanga hicho alikilea Mama Funguo mwenyewe, mgongoni, huku akifagia jukwaa. Kikakua, kikawa mwanamke mwenye maneno mengi na kicheko cha kufukuza kunguru. Sisi sote tulimwita Kitinda, maana ndiye kitindamimba. Wakati wa kisa hiki Kitinda alikuwa akifua mashuka ya hospitali mjini, anaenda na treni na kurudi na treni, na tumbo lilikuwa limeshatangulia mbele kama mgeni asiyebisha hodi. Mumewe alikuwa kazini mbali. Kwa hiyo dada mtu ndiye aliyekuwa mume, mama na mkunga.

Sasa uijue stesheni yenyewe, la sivyo utapotea.

Jukwaa la kwanza liko upande wetu, wa maduka, dirisha la tiketi na ofisi ya mkuu wa stesheni. Jukwaa la pili liko ng'ambo ya reli, na hapo ndipo treni za jioni kutoka mjini huteremsha watu. Kuvuka una njia mbili: juu daraja la chuma, chini handaki. Wenye magoti mazuri wanapanda daraja. Wenye mizigo, wazee na waja wazito wanapita handakini.

Zamani palikuwa na jukwaa la tatu, nyuma ya la pili. Lilikuwa la kiwanda cha matofali. Kila jua likizama, wafanyakazi wa zamu ya jioni walishuka handakini kutoka upande wetu, wakapita chini ya reli, wakapanda ngazi ya tatu na kuingia kwenye treni yao ya machimboni. Kiwanda kikafa. Reli zikang'olewa, jukwaa likasawazishwa, leo watu wanaanika nguo hapo. Ile ngazi ya tatu ikazibwa kwa ukuta, na ukuta wenyewe wakaujenga kwa matofali ya kiwanda kile kile. Kwa nini wakaziba? Mkuu wa stesheni alisema ni kubana matumizi. Wengine walisema maji. Kila mtu ana lake, na mwenye lake hana hakika nalo.

Handaki lina kona. Lilipinda ili liifikie ile ngazi ya tatu, kwa hiyo ukisimama getini huoni mwisho wake. Ndiyo maana baba yao aliwafundisha wanawe: handaki halifungwi kwa macho, hufungwa kwa sauti. Giza likiingia, kabla treni kubwa ya jioni haijafika, mwenye funguo anasimama ngazi ya juu, anaita:

"Handakini, kuna mtu?"

Aliye ndani anajibu, "Tupo!" Na mwenye funguo anamwambia, "Haya, piteni, nafunga." Anangoja watoke, anafunga. Asipojibiwa, anafunga. Ni hivyo tu, miaka na miaka. Hata Kitinda, alipokuwa mdogo, alikuwa akicheza kufunga handaki chini ya meza ya jikoni. "Piteni, piteni," anaviambia vikombe.

Jioni moja ya manyunyu Mama Funguo alikuja kufunga huku akinitania.

"Fundi, kiatu changu umekishona au umekitolea posa? Wiki nzima kiko kwako."

"Kinanipenda, nifanyeje?"

Akacheka. Akageuka getini, akaita bila hata kufikiri, "Handakini, kuna mtu?"

"Tupo."

Sauti nzito. Ya kiume. Imechoka.

"Haya, piteni, nafunga," akasema Mama Funguo, na macho bado yako kwangu.

Tukasikia nyayo. Kwa... kwa... kwa... Nyayo za mtu mmoja, miguu mitupu, iliyolowa, ikipanda. Mama Funguo akajibana pembeni kumpisha, kama ilivyo adabu. Nyayo zikafika ngazi ya juu. Zikampita.

Hapakuwa na mtu.

Harufu ilipita, hiyo ndiyo niliyoiona mimi kwa pua. Harufu ya udongo unaochomwa. Na kwenye sakafu ya jukwaa, alama za miguu, nyekundu, zikatoka getini mpaka zilipofika mvuani zikafutika.

Mama Funguo hakupiga kelele. Alifunga kufuli, akalivuta kuhakikisha, kisha akaja kuketi kwenye stuli yangu bila kukaribishwa.

"Fundi, umeona?"

"Sijaona kitu," nikasema. Na kweli. Tatizo lilikuwa hilo.

Jioni ile ile treni ikaja, watu wakashuka ng'ambo, wakavuka kwa daraja. Asubuhi yake mke wa fundi cherehani akaja stesheni akiuliza mumewe. Fundi huyo tulimwita Suti. Watu walimwona akishuka kwenye behewa. Walimwona akitembea jukwaani, kichwa kimeinama, kama mtu anayeitwa na anayemfahamu. Hawakumwona tena.

Mama Funguo alipofungua handaki, mimi nilikuwa nyuma yake. Pale konani, kwenye ukuta wa ngazi ya tatu, kulikuwa na kiatu. Si chini ya ukuta. Ndani ya ukuta. Nusu yake iko nje, nusu imemezwa na matofali, na saruji iliyokizunguka imekauka, ina ukungu, kama iliyowekwa zama za babu zetu.

Kisigino nilikitambua. Misumari yangu. Nilimpigia Suti juzi yake.

Mkuu wa stesheni alikuja, akakiangalia kwa mbali, mkono puani.

"Utani wa wahuni," akasema.

"Wahuni gani, bosi, wanaojenga ukuta wa miaka mingi kwa usiku mmoja?" nikamuuliza.

"Wewe shona viatu."

Aliyesema neno la maana ni Bendera, mpunga bendera wa stesheni, mtu mrefu mwembamba, ukimtazama vibaya utampandisha mlingotini. Huyo alimvuta Mama Funguo pembeni.

"Dada, ulipojibiwa, ulisema nini?"

"Nilisema piteni. Kama siku zote."

Bendera akafunga macho. "Hayo ndiyo waliyokuwa wanangoja."

"Nani?"

"Marehemu babu yangu alifanya kazi kule kiwandani. Alisema kuna zamu iliyoshuka handakini siku machimbo yalipopasuka na maji kuja. Aliyekuwa na funguo alikuwa amefunga bila kuita. Baada ya hapo ndipo ukaja huu utaratibu wa kuita." Akashusha sauti. "Na babu alisema kitu kingine. Zamu ile haiwezi kupungua. Akiruhusiwa mmoja kutoka, nafasi yake lazima ijazwe. Msimamizi wao bado anahesabu vichwa."

"Babu yako alikuwa mlevi."

"Alikuwa mlevi," Bendera akakubali. "Alianza kulewa siku ile."

Mama Funguo akarudi nyumbani na jambo moja tu kichwani. Si Suti, Mungu amsamehe. Ni mdogo wake. Kitinda anashuka kwenye treni hiyo hiyo, jukwaa hilo hilo, kila jioni iendayo kwa Mungu.

"Kuanzia kesho ushuke stesheni ya mbele," akamwambia. "Nitakuja kukuchukua."

Kitinda alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni. Akaitoa majini, akamwonyesha. Ilikuwa imevimba kama mikate.

"Dada, hii ndiyo miguu ya kutembea kutoka stesheni ya mbele? Hii hata kwenda chooni inaomba ruhusa."

"Basi pita juu, kwenye daraja, hata ukiwahi kurudi kabla sijafunga. Handakini usitie unyayo. Niapie."

"Kwa ngazi zile? Mtoto atazaliwa katikati ya ngazi, tumwite Daraja."

"Kitinda!"

Kitinda akaona uso wa dada yake, kicheko kikakauka. "Sawa, dada. Nitapita juu. Naapa."

Na Mama Funguo naye akaamua lake. Aliona ameipata dawa. Ikiwa anaita ndipo wanajibu, basi asiite. Ikiwa hawakuulizwa, watajibu nini? Akawa anafunga kimya kimya, midomo ameibana. Jioni ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Wiki ikapita, na nyingine. Akaanza kunitania tena kuhusu kiatu.

Ndipo mkuu wa stesheni alipopaka rangi daraja.

Wakubwa walikuwa wanakuja kutembelea, na mkuu alitaka wakute chuma kinang'aa. Siku ile ngazi zote zilifungwa kamba, rangi mbichi, kijani cha kuumiza macho. Akatoa amri abiria wapite handakini, na handaki libaki wazi mpaka treni kubwa ya jioni iishe.

"Silifungui jioni," Mama Funguo akamwambia.

"Mkuu wa stesheni ni mimi au wewe?"

"Wewe. Lakini mwenye funguo ni mimi."

Wakaachana hivyo, kila mmoja amenuna. Mama Funguo akapatana na Bendera: treni kubwa ikifika, Bendera atawavusha watu juu ya reli kwa bendera yake, kundi kwa kundi. Yeye atafunga handaki pande zote mbili mapema, kisha atasimama jukwaa la pili mwenyewe, amdake mdogo wake mlangoni mwa behewa. Mpango mzuri. Haukuwa na tundu hata moja ila lile ambalo hakulijua.

Kitinda siku ile hakungoja treni kubwa. Miguu ilimzidi, msimamizi wake akamruhusu mapema. Akaja na treni ya kabla yake. Akashuka, akatazama daraja, kamba. Akatazama handaki, wazi, na jua bado lipo, watu wanapita wanacheka. Akakumbuka kiapo. Lakini kiapo nacho kinahitaji miguu. Akashuka. Pale konani kuna benchi la saruji, limeegemea ule ukuta wa ngazi ya tatu. Akaketi apumue kidogo, akavua viatu. Na usingizi wa mimba unajulikana, hauombi nafasi.

Jua likazama.

Mama Funguo akafunga geti la jukwaa la pili. Kimya kimya. Akavuka reli na Bendera. Akaja upande wetu, akafunga geti la jukwaa la kwanza. Kimya kimya. Hakuita.

Alikuwa ameshageuza kisogo niliposikia mimi.

"Dada?"

Mama Funguo akasimama. Funguo kiunoni zikanyamaza.

"Dada... mbona giza? Umenifungia?"

Ufunguo uligonga kufuli, ukateleza, ukagonga tena. Kufuli likafunguka. Akashuka ngazi mbio mpaka kwenye kituo cha katikati ya ngazi, mimi nyuma yake, maana mimi si mwoga, mtu asikwambie vinginevyo. Kutoka pale kona inaonekana. Taa moja ya dari ilikuwa inawaka na kufifia. Kitinda ameketi benchini, anajikuna jicho, mzima, mnene, wa kwetu.

Mama Funguo akacheka na kulia kwa pamoja. "Njoo! Njoo upesi!"

"Nipe dakika nivae viatu."

"Achana na viatu!"

"Ni vipya, dada."

"Kitinda, simama uje, nakuomba!"

Akasimama. Kiatu kimoja mkononi, mkono mwingine kiunoni, akaanza kuja, pole pole, kwa ule mwendo wa bata. Amebakiza kidogo sana. Mama Funguo alikuwa ameshanyoosha mkono.

Nyuma ya Kitinda, kutoka kwenye matofali, sauti zikasema:

"Tupo."

Hazikuwa za kutisha. Ndivyo ninavyowaambia watu, hawaniamini. Zilikuwa sauti za watu waliochoka, wanaorudi kazini, wanaotaka njia. Watu wengi, nyuma ya mwanamke mjamzito anayewachelewesha.

Na Kitinda ni mtoto wa stesheni. Ni binti wa mfunga milango. Alilelewa kwenye adabu ya handaki kama wengine wanavyolelewa kwenye sala. Hakugeuka hata kuangalia ni nani. Alijisogeza ukutani, akajibana kuwapisha, akasema kwa upole:

"Haya, piteni tu. Mimi naenda taratibu."

Mama Funguo akapiga yowe. Lakini neno likishatoka halina mkia wa kulikamata.

Wakapita.

Sikuona mtu. Niliona taa ikizimika na kuwaka, na nikahisi mabega. Mabega, viwiko, migongo iliyolowa, inapanda, inatusukuma. Ngazi nzima ikajaa. Harufu ya udongo unaoungua ikanikaba koo. Mimi nilibanwa ukutani kama kiraka kwenye soli. Mama Funguo aliinamisha kichwa akajaribu kushuka, akasukumwa. Akajaribu tena, akasukumwa. Alikuwa anapiga hewa kwa ngumi, na hewa ilikuwa nyama.

"Nipisheni! Nipisheni, ni mdogo wangu! Ni mtoto wangu!"

Hawakuwa na ubaya nasi. Walikuwa wanatoka tu. Waliruhusiwa.

Na kule chini, juu ya vichwa vyao ambavyo havikuwepo, tulimwona. Ukuta haukuwepo. Palikuwa na ngazi. Ngazi ya tatu, pana, inapanda kwenye mwanga mwekundu kama wa tanuri, na huko juu treni inahema, treni ya zamani, moshi unashuka. Watu walikuwa wanaipanda. Hao walionekana, migongo tu. Watu wa kawaida, wenye mavazi ya kazini, wengine wenye mikoba ya sokoni. Zamu ilikuwa inajaa. Kitinda alikuwa katikati yao, miguu mitupu, mkono kiunoni.

"Kitinda! Mwanangu! Geuka!"

Akafika juu. Akageuka, akamtazama dada yake, akainua mkono akapunga. Kisha mwanga ukafumba.

Ukimya ukaja wote kwa mara moja, na juu yetu treni kubwa ya jioni ikafunga breki jukwaa la pili. Ngazi zilikuwa tupu. Mama Funguo akaanguka mbele, kwa sababu hapakuwa na kitu tena cha kumzuia. Akatambaa mpaka ukutani. Ulikuwa wa baridi. Alikwangua mpaka kucha zikatoka damu, tukamwondoa mimi na Bendera kwa nguvu, na hata mkuu wa stesheni, aliyekuja na tochi yake, alisimama na kulia kama mtoto. Watu wengi waliokuwa kwenye treni ile hawakufika makwao jioni hiyo. Wenzao wanasema walishuka kwanza, vichwa vimeinama, kabla treni haijasimama sawasawa.

Wakaja wataalamu. Wakavunja ukuta. Nyuma yake kulikuwa na udongo, mgumu, haujaguswa. Wakachimba mpaka walipochoka, wakajenga upya. Wakubwa wakasema handaki lifungwe kabisa, kisha wakasahau, maana watu wenye magoti mabaya walilalamika. Basi lipo. Unapita hapo wewe, bila kujua.

Mama Funguo aliombwa astaafu, akakataa. Nywele zimekuwa nyeupe, lakini kila jioni yupo getini. Na siku hizi anaita. Anaita kwa sauti yote. "Handakini, kuna mtu?" Kisha anategea sikio, mkono ameuweka juu ya mdomo wake mwenyewe.

Kwa muda mrefu hapakuwa na jibu. Mimba ya Kitinda ilipotimiza miezi yake, jioni moja, likaja. Si "Tupo." Ni mtoto mchanga. Analia kule konani, nyuma ya matofali, kilio cha njaa.

Tangu siku hiyo analia kila jioni. Mama Funguo anasimama pale, machozi yanampita vidoleni. Neno analo. Ni moja tu, jepesi, analijua tangu utotoni. Akilisema, mtoto wa mdogo wake atatoka. Na jukwaa la pili, wakati huo huo, treni inaingia imejaa watoto wa watu. Ameuma mkono wake mpaka una makovu. Hajasema. Bado hajasema. Juzi nilimwona akiutoa mkono mdomoni, akavuta pumzi... akaurudisha. Mimi nimehamisha kibanda. Si woga, ni biashara tu.

Yote niliyokupa ni ya kweli, neno kwa neno, isipokuwa moja, na hilo nitakuambia kwa sababu umenisikiliza vizuri. Kitinda hakugeuka, wala hakupunga mkono. Mama Funguo macho yake yalikuwa yamejaa machozi na mabega ya watu, hakuona mwisho wake. Baadaye akaniuliza, "Fundi, wewe ni mrefu, aliniangalia?" Nikamwambia ndiyo, aligeuka, akapunga. Ningemwambiaje yule mama? Kitinda alikuwa anapanda ngazi ile anacheka, kile kicheko chake cha kufukuza kunguru, ameshikana mkono na mtu wa mbele yake, na hakuwa na haraka ya kumwachia.